Mshipi wa kusuka katika maji ya chumvi: unakatikia wapi, na kwa nini

Mwana wa Sinda

Wakuu, salaam.

Kwa miezi kadhaa sasa, kila ninaposhuka ufukweni hapa Kigamboni wakati boti zinarudi, nasikia malalamiko yaleyale. Mtu amenunua mshipi wa kusuka kwa bei kubwa, ameutumia safari tano au sita, kisha umekatika akiwa na samaki wa maana, na hukumu anayoitoa ni kwamba mishipi hii ilitengenezwa kwa ajili ya maziwa na mito, wala haihimili chumvi. Hata mimi niliamini hivyo kwa muda mrefu, na kwa imani hiyo nilipoteza samaki wengi kwa sababu nyingine kabisa ambazo sikuzitazama. Naanzisha uzi huu ili niandike nilichojifunza, na naomba wenye uzoefu zaidi wasahihishe nitakapokosea.

Nianze na jina, kwa sababu jina linapotosha. Wengi wetu tunasema "mshipi wa kusokota", lakini huu haukusokotwa. Kamba ya usumba husokotwa, na ukiiachia inajifumua. Ukili husukwa, miyaa ikipishana juu na chini, nao haujifumui. Mshipi tunaouzungumzia umesukwa kama ukili, kwa nyuzi nne au nane. Wa nyuzi nane ni wa mviringo zaidi, hupita kimya kwenye pete za fimbo na kurushika mbali. Wa nyuzi nne una ubapa kidogo na huguna unapovutwa, ila kila uzi wake ni mnene zaidi, kwa hiyo huchelewa kidogo kuchanika unapogusa jiwe.

Kinachosukwa humo ni plastiki ya polithilini, jamaa wa ile ya mifuko na madumu, isipokuwa chembe zake ni ndefu mno na zimenyooshwa kuelekea upande mmoja, na hapo ndipo nguvu inapotoka. Majina mawili ya nyuzi hizo mnayoyaona kwenye maboksi, Dyneema na Spectra, yanarejelea kitu cha aina hiyohiyo. Polithilini hainywi maji. Nailoni hunywa, na ikishalowa hupungukiwa nguvu kiasi; huu haubadiliki ukilowa. Chumvi nayo haina la kuufanya kikemia, kwani nyuzi za namna hii hutumika pia kutengenezea kamba za kufungia meli kubwa, ambazo hukaa baharini miaka. Mtu anayesema kwamba chumvi imekula mshipi wake, basi mara nyingi hajautazama ule mshipi mahali ulipokatikia.

Na hapo ndipo kiini cha ninachotaka kusema. Mshipi ukikatika, usiutupe wala usiukate kwa hasira. Ushike ule mwisho uliobaki mkononi, uweke juu ya kitambaa cheupe au kiganja, uutazame. Ikiwa umejikunja kama mkia wa nguruwe, mshipi haukukatika: fundo liliteleza likafunguka. Ikiwa umechanuka kama brashi, nyuzi zikiwa na urefu tofauti, na sentimita kadhaa za nyuma yake zimeota manyoya, umesagwa na mwamba, na matumbawe au chaza ndio waliofanya kazi hiyo. Ikiwa umekatwa sawasawa kama kwa wembe, hayo ni meno ya nguru au mzia. Na ikiwa una kipande kigumu kinachong'aa, kinachochoma kidogo ukikipitisha mdomoni, uliungua kwa msuguano ulipokuwa unakaza fundo. Tangu nianze kutazama hivyo, katika kila mshipi uliokatika mikononi mwangu nimekuta mojawapo ya hayo manne, na sijapata hata mmoja ambao ningeweza kusema ni chumvi.

Kilichonifungua macho ni kolekole mmoja, upande wa nje wa kisiwa cha Sinda, asubuhi ya maji mafu. Nilikuwa na mshipi wa kusuka wa milimita 0.28 niliouunganisha moja kwa moja na chambo bandia, kwa kuwa niliambiwa kwamba nguvu yake inatosha bila kitu kingine. Samaki alichukua, akaelekea chini, nami nikahisi kitu ambacho tangu hapo sijakisahau: mtetemo mdogo wa kukwaruza, kama mtu anayepitisha kisu kwenye kamba iliyokazwa, ukidumu labda kwa kuhesabu mbili, kisha uzito ukaondoka. Mwisho wa mshipi ulikuwa umechanuka kama brashi. Sentimita arobaini za nyuma yake zilikuwa nyeupe, zimeota manyoya. Kolekole hakuwa mkubwa wa ajabu. Alijua tu mwamba ulipo.

Mshipi huu una nguvu ya kuvutwa, si nguvu ya kukwaruzwa. Kwa unene uleule unabeba mara mbili au tatu ya uzito unaobebwa na nailoni, lakini tunaponunua kwa kutazama kilo zilizoandikwa kwenye boksi tunaishia na uzi mwembamba sana, nao ukigusa tumbawe ukiwa umekazwa unakwisha mara moja. Ndiyo maana baharini lazima mbele yake kuwe na kipande cha nailoni nene au flurokaboni, ambacho hapa nitakiita mshipi wa mbele. Kwa kolekole na chewa kwenye mwamba ninatumia nailoni ya takriban milimita 0.90 hadi 1.00, urefu wa pima mbili. Kwa changu kwenye mchanga na majani, pima moja ya milimita 0.50 inatosha. Pale penye nguru na mzia naongeza waya mfupi wa shibiri moja, kwa kuwa meno yale hayaheshimu nailoni wala kusuka.

Kuhusu chumvi yenyewe, kweli ina madhara, ila madhara yake hayapo mahali tunapoyatafuta. Ule msuko una nafasi ndogo kati ya nyuzi, na nafasi hizo hubeba maji ya bahari hadi kwenye bobini ya rili, kile chombo cha fimboni cha kuviringia mshipi. Maji yanakauka, chumvi inabaki, na kesho yake tunaongeza mengine. Mshipi unakuwa mkavu na mkakamavu, unaguna kwenye pete, na chini yake aluminiamu ya bobini inaanza kuota unga mweupe. Kinacholiwa ni rili. Nilipofungua rili yangu ya kwanza baada ya mwaka mmoja bila kuiosha, mshipi ulikuwa mzima, lakini beringi ilikuwa imeshikana na bobini ina vishimo. Sasa nikirudi nyumbani natoa bobini, naizamisha katika beseni la maji baridi ya bomba kwa nusu saa, naibadilishia maji, kisha naiacha kivulini hadi asubuhi. Mwili wa rili naupangusa tu kwa kitambaa chenye maji, breki, ile inayouzuia mshipi kutoka, ikiwa imekazwa wakati wa kupangusa na kulegezwa wakati wa kuweka. Sipigi mpira wa maji wenye nguvu, kwa sababu unaisukuma chumvi ndani kwenye beringi.

Naomba michango yenu, hasa kuhusu mafundo, kwa sababu hilo nimeliacha makusudi.

Tanga Raha

Mkuu, nashukuru kwa uzi huu. Mimi navua kutoka mwambani, na mara mbili nimekatikiwa mahali mshipi wa kusuka unapokutana na nailoni. Nilitumia fundo lilelile ninalofungia nailoni kwa nailoni. Baada ya kusoma nimeutoa mfukoni ule mwisho wa juzi, nao umejikunja kama ulivyoeleza. Ina maana fundo liliteleza? Mbona lilikuwa limekazwa sana?

Mwana wa Sinda

Ndugu yangu, liliteleza, na kukaza hakukusaidia. Polithilini inateleza kuliko nailoni, na fundo linaloshika nailoni kwa mizunguko mitano huenda lisishike mshipi huu hata kwa minane. Tena plastiki hii inayeyuka kwenye joto la nyuzi 150 hivi za selisiasi, wakati nailoni inavuka 200, kwa hiyo ukikaza fundo likiwa kavu kwa kulivuta ghafla unaliunguza bila kujua. Lowesha kwa mate au maji kila mara, na ulikaze polepole.

Kuunganisha na mshipi wa mbele natumia fundo linaloitwa FG, na nitalieleza kama ninavyolifunga ndani ya boti. Mshipi wa kusuka lazima uwe umekazwa muda wote, kwa hiyo fimbo inalala ukingoni, mwisho wa mshipi nimeuzungusha kwenye kijiti nilichokikanyaga, na katikati pana urefu wa mkono ulionyooka kama uzi wa gitaa. Nailoni naishika mkononi, naipitisha juu ya mshipi ule kisha chini yake, juu na chini, kila mara nikibadilisha upande, hadi mizunguko ishirini. Mizunguko ilale bega kwa bega, isipandane. Ikishafika ishirini nabana mwisho kwa vidole, nafunga tanzi moja juu ya vyote viwili, nalowesha, kisha nazungusha pande zote mbili kwenye vipande vya mpini wa jembe na kuvuta kwa nguvu. Hapo utaona jambo: mshipi wa kusuka unabadilika rangi, unakoza, na unazama ndani ya ngozi ya nailoni. Usipoona rangi kubadilika, fundo halijauma, na ni heri ulikate na kuanza upya kuliko kwenda nalo majini. Baada ya hapo nakata nailoni karibu kabisa, naongeza matanzi madogo sita au saba ya kusuka juu yake, basi.

Fundo hilo linapita kwenye pete za fimbo kwa sababu halina kichwa. Kulifunga kwenye boti inayoyumba ni kazi, sikatai. Wakati wa kusi mimi hufunga nyumbani usiku na kubeba akiba ya bobini mbili. Upande wa ndoana au wa kiungo kinachozunguka, fundo la Palomar linatosha na halina ufundi mwingi: unakunja mshipi mara mbili, unaupitisha tunduni, unafunga tanzi, unapitisha ndoana ndani ya tanzi, unalowesha, unakaza.

Nahodha Mstaafu

Wanangu, mimi nimevua kwa mkono tangu enzi za pamba iliyopakwa utomvu, kabla nailoni haijaenea kwetu Pemba. Nawasoma na naona mnazungumza kuhusu fimbo na rili, lakini wavuvi wengi wa pwani hii hawana fimbo. Wana mshipi, chubwi na vidole vyao. Mpwa wangu aliletewa mshipi wa kusuka na kuufanya mshipi wa mkono. Nguru alipochukua, ule mshipi ulipita katika kiganja chake na kukata hadi nyama nyeupe ikaonekana, naye alikuwa ameuzungusha mara moja tu kwenye mkono. Nataka mseme jambo hilo kwa uwazi, kwa sababu nailoni ina kunyumbuka kunakokupa nafasi ya kuachia, lakini huu haukupi nafasi hiyo.

Mwana wa Sinda

Shikamoo mzee wangu. Umesema jambo ambalo nilipaswa kulitanguliza, na nakuomba radhi kwa kulisahau.

Nailoni hunyumbuka asilimia 15 hadi 30 kabla ya kukatika, na mshipi wa kusuka asilimia tatu au nne tu. Kutonyumbuka huko ndiko kunakotupa faida yake: kwenye kina cha pima arobaini changu akigusa chambo unamhisi kana kwamba yuko chini ya boti, na kwa kuwa mshipi ni mwembamba mkondo hauusukumi sana, kwa hiyo chubwi ya nusu kilo inafanya kazi iliyokuwa ikihitaji kilo nzima. Lakini kutonyumbuka huko huko ndiko kunakokata kiganja, na ndiko kunakong'oa ndoana mdomoni mwa samaki mwenye mdomo laini.

Anayetaka kuutumia kwa mkono, ushauri wangu ni kwamba mkono usiuguse. Mshipi wa kusuka ukae chini, ndani ya maji, na pima zile ambazo mkono utazishika samaki akiwa anapigana ziwe za nailoni nene. Vidole vivalishwe vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, kama wanavyofanya wavuvi wengi tayari. Na kamwe usiuzungushe mkononi, kiunoni wala kwenye kidole cha mguu, hata kama samaki hajaonekana. Ukinasa kwenye mwamba, uzungushe kwenye kipande cha mti na uuvute kwa mti.

Kwa wenye rili, kutonyumbuka huku kunabadilisha pia breki. Naiweka katika robo hadi theluthi ya nguvu ya sehemu iliyo dhaifu kuliko zote, ambayo kwa kawaida ni mshipi wa mbele au fundo, na naipima kwa mizani ya kuning'iniza, si kwa kubahatisha kwa mkono.

Kilindini hadi Muscat

Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Oman, na huku tunavua jodari na kolekole kwa mishipi hii karibu wote. Naongeza mambo mawili. La kwanza, mshipi huzunguka wenyewe juu ya bobini ukiuweka moja kwa moja, kwa sababu unateleza. Mtu anadhani breki imeharibika, kumbe kifurushi kizima kinazunguka. Anza na pima chache za nailoni ndipo uunganishe. La pili, uviringe ukiwa umelowa na umekazwa. Mimi naupitisha ndani ya kitambaa chenye maji ambacho mke wangu hukibana kwa vidole mpaka analalamika. Ukiwa umelegea, samaki mzito anauvuta na tabaka la juu linazama ndani ya tabaka la chini, linanasa, na hapo kila kitu kinasimama kwa ghafla. Katika kurusha nako, ulegevu ndio unaozaa yale mafundo ya upepo ambayo hayafunguki.

Kuhusu rangi, wengi hapa hutupa mshipi kwa kuwa umepauka. Polithilini haishiki rangi vizuri, kwa hiyo kupauka peke yake si ugonjwa. Ugonjwa ni manyoya.

Mwana wa Sinda

Wa alaykum salaam. Nakubaliana nawe kwa yote mawili, na hilo la rangi limenikumbusha kwamba kutopauka nako si afya. Kabla ya kila safari napitisha pima tano za mwanzo kati ya midomo, kwa sababu midomo inahisi ukwaruzo ambao vidole vyenye sugu haviuhisi, na nikikuta manyoya nakata hadi yanapoishia. Mshipi ukishafupika sana naugeuza: ule wa ndani, ambao haujawahi kuona mwamba wala jua, unakuwa wa nje, na napata misimu mingine miwili. Hapo ndipo bei yake inaporudi.

Tanga Raha

Nina swali la mwisho. Duka moja nililonunulia, boksi liliandikwa kilo 36. Nitajuaje kama ni kweli?

Mwana wa Sinda

Nilidanganywa pia kwa boksi la namna hiyo, na sikugundua hadi nilipopima. Tazama kwanza unene ulioandikwa. Mshipi halisi wa milimita 0.23 hivi hubeba kilo 15 au zaidi kidogo. Boksi linalosema unene huo unabeba kilo 36 linasema ambacho plastiki hiyo haiwezi.

Kisha upime mwenyewe kwa ndoo. Lita moja ya maji ni kilo moja, na ndoo ya lita 20 inatosha kwa mishipi mingi tunayotumia mwambani. Funga mshipi pamoja na mshipi wa mbele kwa fundo lako lenyewe unalolitumia majini, uning'inize kwenye tawi, ndoo iwe shibiri moja juu ya mchanga, na umimine maji polepole kwa jagi ukihesabu. Simama pembeni, kwa sababu mshipi uliokatika unaruka. Utajua mambo mawili kwa pamoja, nguvu ya mshipi na nguvu ya fundo, na la pili ndilo unalolihitaji zaidi.

Vipande unavyovikata usiviache ufukweni wala usivitupe majini. Haviozi, na vikizunguka shingo ya kasa au matawi ya matumbawe havifunguki tena. Mimi navikatakata na kuviweka kwenye chupa ya maji iliyo ndani ya boti, na ikijaa inaondoka na taka za nyumbani.

Tanga Raha

Wakuu, nimerudi. Nilinunua mshipi mwingine wa milimita 0.23 na kuupima jana jioni chini ya mwarobaini, watoto wakinisaidia kuhesabu majagi. Kwa fundo langu la zamani, tulifika lita tisa, likaanza kuteleza mbele ya macho yetu, taratibu, hadi mwisho ukatoka umejikunja vilevile kama ule niliokuwa nao mfukoni. Fundo la FG lilinishinda mara tatu. Mizunguko ilipandana na rangi haikubadilika. La nne lilikoza. Tulimimina hadi lita 16, ndipo mshipi ukakatika juu karibu na tawi, mbali na fundo, na fundo lenyewe limebaki zima kwenye kipande cha nailoni. Nimelining'iniza ukutani juu ya rili ili nilitazame kila ninapofunga jingine.